Dhahabu haishiki kutu

Mvua zetu za Makandana hazina huruma. Jembe na bati hushika kutu. Dhahabu haishiki, hata ikizikwa miaka mia.

Tena dhahabu ni nzito sana. Lita moja ya maji ina kilo 1. Chuma cha ukubwa huohuo kina karibu kilo 8, shaba karibu 9. Dhahabu ina kilo 19!

Basi mtu akikuletea "dhahabu ya Chunya" kwa siri, usidanganywe na mng'aro. Shaba nayo hung'aa, ila ni nyepesi, na baadaye hutoa kutu ya kijani. Chunya kuna soko la madini tangu 2019. Mwambie muuzaji mwende huko ikapimwe. Akikataa, funga mfuko wako. Umeokoa pesa za ndizi zako.