Vanila imenenepa lakini haitoi maua: tufanye nini?



Kuna swali moja linalorudi kila tukifika shambani, iwe upande wa Beni, iwe Butembo ama Mambasa: «Vanila yangu imenenepa, majani ni ya kijani kabisa, lakini maua hakuna. Ni nini?» Wengine wanasema: «Mwaka jana ilichanua vizuri, mwaka huu imenyamaza.» Si swali dogo. Mtu anapanda vanila na kungoja karibu miaka 3 mbele ya kuona ua la kwanza, kisha anangoja tena miezi 9 mpaka ganda likomae. Musimu mmoja ukipotea, ni feza ya masomo ya watoto ndiyo imepotea.

Leo tunaeleza sababu, na kazi ya kufanya ili kamba ichanue tena bila kuchoka.

Sehemu iliyozaa haizai tena

Vanila ilitoka Meksiko. Iko katika jamii ya orkide, mimea ambayo watu wa Ulaya wanaifuga ndani ya nyumba juu ya uzuri wa maua. Kati ya ndugu zake kuna orkide zenye ua la umbo la kiatu. Wenye kuzifuga wanajua sheria yake: chipukizi likisha kuchanua, halichanui tena. Wanatunza chipukizi jipya linalotoka pembeni, ndilo litaleta ua.

Vanila yetu haiko mbali na sheria ile. Kishada cha maua kinatoka pale jani linaposhikana na kamba. Sehemu ikisha kuzaa, kwa kawaida haizai tena vizuri. Maua ya musimu ujao yatatoka kwenye kamba inayoota leo. Kwa hiyo mkulima anayeangalia kamba ya zamani tu, na kuacha ile changa ikimbie, atakosa maua hata kama anapalilia kila wiki.

Ishushe chini

Ukiacha vanila ipande, itafika juu kabisa ya muti. Huko juu inaendelea kuota majani, na hata ikichanua mkono haufiki. Kamba ikipita urefu wa mtu, ikunje polepole juu ya tawi na uiache ininginie. Usiivunje: ikunje saa ya jua, wakati iko laini. Sehemu inayoninginia ndiyo inapenda kutoa maua.

Ncha ikikaribia chini, laza kipande cha kamba juu ya bulongo, kifunike na majani makavu ili kitoe mizizi mipya, kisha uirudishe juu ya muti. Hivi kamba moja inapata midomo miwili, mitatu ya kula, na haizeeki haraka.

Kivuli cha kati

Kivuli kikizidi, vanila inanenepa majani paka. Jua ikizidi, majani yanakuwa ya manjano na kuungua. Tunatafuta nusu kivuli, nusu mwanga. Miti ya kushikilia kama mbono, gilirisidia ama drasena inakubali kukatwa matawi. Kata kidogo mbele ya kipindi cha jua, uache zaidi wakati wa jua kali.

Mizizi iko juu juu, ndani ya majani yaliyooza. Jembe lisifike karibu na shina. Ng'oa majani mabaya kwa mkono. Maji yakisimama kwenye mizizi, ugonjwa wa kuoza unaingia, na kamba inakufa kutoka chini. Ukiona kamba imeoza, itoe shambani. Safisha kisu na javel mbele ya kugusa kamba ingine, na usichukue mbegu kwenye shamba lenye ugonjwa.

Iache isikie kiu

Vanila inachanua kisha kusikia shida kidogo. Huku kwetu karibu na ikweta tuko na vipindi viwili vya jua kwa mwaka, na maua yanafuata kila mara. Kipindi cha jua kikikaribia, kwa kamba iliyokomaa na inayoninginia, kata kichwa chake, sentimita 10 mpaka 15. Kamba inaacha kukimbia, nguvu inarudi kwenye macho ya majani. Usiimwagie maji wakati ule. Mvua ikirudi, vishada vinaanza kutoka.

Lakini usikate kichwa cha kamba changa ambayo ungali unaikuza. Ile ndiyo akiba ya musimu unaofuata.

Ua la asubuhi moja

Ua la vanila linafunguka mapema asubuhi na kufunga siku ile ile. Huku Afrika hakuna mdudu wa kutufanyia kazi, ni lazima mkono. Njia tunayotumia mpaka leo ilivumbuliwa mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa mwenye miaka 12. Alitumia kijiti na kidole gumba. Kisiwa kilitajirika, yeye alikufa maskini mwaka 1880.

Shika ua na mkono mmoja. Pasua ile mdomo wa ua kwa kijiti chembamba cha mwanzi. Ndani utaona kaulimi kadogo kanachotenganisha dume na jike. Kainue kwa kijiti, kisha sukuma unga wa ua kwa kidole gumba mpaka ushike upande wa jike. Fanya kazi mbele ya saa sita. Ua lililoshika linanyauka lakini linabaki kwenye kishada, lisiloshika linaanguka.

Usiunganishe yote

Hapa ndipo wengi wanapotezea musimu unaofuata. Kishada kimoja kinaweza kutoa maua 15 ama 20, kwa kawaida ua moja kwa siku. Mtu anaona feza, anaunganisha yote. Maganda yanakuwa mafupi, kamba inamaliza nguvu, na mwaka unaofuata hakuna kitu. Mara ingine inakufa kabisa.

Unganisha maua 8 mpaka 10 kwa kishada, yale ya upande wa chini ili maganda yaninginie sawa. Yakishika, kata ncha ya kishada. Kamba yenye afya isibebe zaidi ya vishada 10 hivi; ile dhaifu, nusu yake. Maganda machache marefu yanapita maganda mengi mafupi, juu mnunuzi anaangalia urefu.

Kisha kuvuna, kata sehemu iliyozaa na uitoe. Kunja kamba changa mahali pake.

Tusivune mbichi

Kazi hii yote inaweza kuharibika kwa siku moja. Ganda lililovunwa kwa miezi 5 ama 6 halina harufu ya kutosha. Inatakiwa karibu kilo 6 za mbichi kupata kilo 1 kavu. Zikiwa changa, hata kilo hiyo haiuziki vizuri. Vuna ganda moja moja, ncha ikianza kuwa ya manjano.

Tunajua ni nini kinasukuma watu: wezi. «Nisipovuna leo, kesho sitakuta kitu.» Mtu mmoja hawezi kushinda woga ule peke yake. Ndiyo maana Uganda serikali inatangaza tarehe ya kuvuna, na Madagaska wakulima wanatoboa alama yao kwenye ganda bichi kwa sindano, alama inayobaki hata kisha kukausha. Koperative inaweza kufanya vile: alama moja kwa kila mwanamemba, daftari la alama, tarehe moja ya kuvuna, zamu za ulinzi, na kukataa kununua maganda mabichi yasiyo na alama.

Kwa mkutano wenu ujao, tunawaomba muzungumzie mambo mawili: tarehe ya kuvuna, na nani atashika daftari la alama. Na wakati mukirudi shambani, hesabuni kamba changa munazokuza. Hesabu ile ndiyo itawaambia maua ya mwaka kesho.