Kwa nini mkaa usiotoa moshi unaweza kukuua usingizini

Msimu wa mvua ukianza, wengi huingiza jiko ndani. Mkaa (au makala, kama wasemavyo ndugu zetu kutoka Kongo) umewashiwa nje, moshi umekwisha, umekuwa mwekundu, na mtu anasema, "Huu umeshaiva, hauna shida." Mlango unafungwa kwa sababu ya baridi, watoto wanalala. Hapo ndipo hatari inapoanza. Ili uielewe, tuanze na oksijeni.

Atomu ya oksijeni ina elektroni 8. Mbili ziko karibu na kiini, sita ziko nje, na huko nje kuna nafasi ya nane. Kwa hiyo oksijeni hupungukiwa na elektroni mbili, na muda wote huzitafuta kwa wengine.

Wakati mwingine huzichukua. Chuma kikilowa huiachia oksijeni elektroni zake, na matokeo yake ni kutu unayoiona kwenye misumari ya mlango wako. Mara nyingi zaidi huzitumia kwa pamoja na jirani: katika maji, na atomu mbili za haidrojeni, katika hewa, na oksijeni mwenzake. Kuvutwa elektroni zake ni nadra. Ni florini tu yenye mvuto mkubwa kuliko wake, na florini huwezi kuikuta ikielea jikoni.

Moto wa mkaa nao ni kazi ya elektroni hizo. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, yenye elektroni 4 za nje. Hewa ikitosha, kaboni moja hupata oksijeni mbili, zote zinatimiza nane, na inatoka kaboni dioksidi. Hewa ikipungua, kaboni hupata oksijeni moja tu, na inatoka kaboni monoksidi. Hapa zinatumia elektroni sita kwa pamoja, nne kati ya hizo zikiwa zimetolewa na oksijeni. Upande wa kaboni hubaki jozi moja ya elektroni iliyo tayari kushika kitu kingine.

Ile miali ya buluu inayocheza juu ya mkaa ni gesi hiyo hiyo ikiungua. Miali ikizimika na mkaa ukabaki mwekundu chini ya majivu, gesi huendelea kutoka, ila sasa haiungui. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi angalau hukukohoza ukatoka nje.

Ndani ya damu, hemoglobini hubeba oksijeni kwa kutumia chuma. Ile jozi ya elektroni hukishika chuma hicho kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua, moyo unapiga, lakini oksijeni haina pa kukaa.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea miguu. Ni rahisi kudhani ni malaria. Jiulize: je, watu kadhaa wa chumba kimoja wameanza kuumwa pamoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje?

Tunajua kwamba kumwambia mtu apike nje wakati wa mvua ni rahisi kwa aliyekaa ofisini. Kama huna namna, pika karibu na mlango ulio wazi na ufungue uwazi mwingine upande wa pili, hasa kama nyumba yako ni ya turubai, maana turubai halipitishi hewa. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, hata kama mkaa unaonekana umezimika. Bakuli la maji kando ya jiko halisaidii, kwa sababu gesi hii karibu haiyeyuki kabisa majini. Maziwa pia hayaiondoi kwenye damu.

Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango na umtoe nje kwanza, kisha mpelekeni kituo cha afya haraka, hata akizinduka njiani. Huko anaweza kupewa oksijeni ya mtungi, ambayo huisukuma gesi hiyo kutoka kwenye damu haraka kuliko hewa ya kawaida. Na mwambie muuguzi wazi kwamba jiko lilikuwa ndani, kwa sababu kile kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni huweza kuonyesha kuwa mgonjwa yuko sawa wakati hayuko sawa.