Maharage tunakula, mbona damu inapungua?

Hapa Boga maharage hayakosi kwenye sufuria, na sombe vilevile. Hata hivyo, siku ya kliniki ya wajawazito bado kuna akina mama wanaoambiwa damu yao ni kidogo. Mama wa namna hiyo akitokwa na damu wakati wa kujifungua, iko katika hatari kubwa. Basi chuma cha maharage kinaenda wapi?

Mwili hauna njia ya kutupa chuma kilichozidi. Kwa hiyo unachunga pale kinapoingia, kama tunavyochunga mlango wa depo ya koperative. Seli za utumbo mwembamba huchukua chuma kutoka kwenye chakula, na hukipitisha kwenye damu kupitia mlango unaoitwa feropotini. Mwenye ufunguo ni ini. Akiba ikitosha, ini hutoa hepsidini, na mlango unafungwa. Chuma kinabaki ndani ya seli ya utumbo. Seli hiyo ikifa baada ya siku chache, kinatoka na choo. Akiba ikipungua, hepsidini nayo inapungua na mlango unafunguka. Hata hivyo, mtu mzima mwenye afya hupokea miligramu 1 au 2 tu kwa siku.

Sasa shida yetu: malaria. Homa ikija, ini hutoa hepsidini nyingi, sababu vijidudu navyo vinatafuta chuma. Mlango unafungwa hata kama depo iko tupu. Mtoto anayeugua kila mara anaweza kushiba maharage na damu isipande. Kwangu mimi, chandarua kinahesabika pamoja na chakula. Minyoo ya safura nayo inanyonya damu moja kwa moja; dawa yake iko kwenye kituo cha afya.

Maharage yenyewe yana fitati, inayokamata chuma tumboni. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, ndipo upike. Kula pamoja na ndimu, chungwa au papai, na samaki kidogo ikipatikana. Chai na kahawa, hata ile tunayolima wenyewe, zingoje saa moja au mbili baada ya kula.

Tena kuna mbegu. Mwaka 2013 huko Huye, Rwanda, wanafunzi wanawake wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma walikula maharage kwa siku 128. Wengine walipewa ya kawaida, yenye miligramu 50 hivi za chuma kwa kilo. Wengine yale yaliyoboreshwa, yenye miligramu 86. Damu na akiba ya chuma vilipanda zaidi kwa wale wa pili. Huku Kongo, INERA na HarvestPlus wamefanya kazi ya mbegu za namna hiyo huko Kivu. Kamati za koperative ziulize mapema, kabla ya msimu.

Na wajawazito wanaopewa vidonge vya chuma wameze kama walivyoelekezwa. Ukisahau jana, usimeze viwili leo: dozi kubwa inapandisha hepsidini, na mlango unabana mpaka kesho yake.