Pima kabla ya kulipa: Jinsi ya kupata nguo inayotosha unaponunua mtandaoni

Wakazi wengi wa mitaa ya Eastlands siku hizi hununua nguo bila kukanyaga dukani. Picha hutumwa kwa WhatsApp, Facebook, Instagram au TikTok, bei hutajwa, pesa hulipwa kwa M-Pesa na mzigo huletwa na bodaboda hadi Umoja, Donholm, Kayole au Dandora. Njia hii huokoa nauli na muda wa kuzunguka Gikomba au Eastleigh. Tatizo ni moja: nguo haijaribiwi kabla ya kulipiwa.

Hasara yake si ndogo. Chukua mfano wa gauni la Sh1,200 ambalo ada ya kuletewa ni Sh200. Likibana, kulirudisha ni Sh200 nyingine, na kuletewa la pili ni Sh200 tena. Gauni la Sh1,200 sasa limefika Sh1,800, na hiyo ni iwapo muuzaji atakubali kubadilisha. Asipokubali, nguo hubaki kabatini na pesa zimekwenda.

Hasara hii inaweza kuepukika kwa tepu ya fundi, dakika chache za kupima na maswali machache kwa muuzaji.

Kwa nini nambari ya saizi hupotosha

Nambari iliyo kwenye lebo si kipimo. Gauni lililoandikwa 12 nchini Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa. Mwanamke aliyezoea 12 ya Uingereza akiagiza 12 ya Marekani ataletewa gauni linalolingana na 16 ya Uingereza, yaani saizi mbili zaidi ya yake.

Jambo hili lina uzito hapa Nairobi kwa sababu robota moja la mitumba linaweza kuwa na nguo zilizoshonwa kwa masoko ya nchi kadhaa. Nguo mpya zinazoagizwa kutoka China nazo mara nyingi huwa ndogo kuliko mnunuzi wa hapa anavyotarajia, hivyo XL yake inaweza kumbana mtu anayevaa L.

Hata ndani ya nchi moja saizi hazilingani. Marekani ilichapisha kiwango cha saizi za nguo za wanawake mwaka 1958, kwa kutegemea vipimo vya karibu wanawake 15,000 vilivyochukuliwa mwaka 1939 na 1940. Kiwango hicho kiliondolewa mwaka 1983, na kampuni zimekuwa zikijiwekea saizi zao. Baadhi huandika nambari ndogo kwenye nguo kubwa ili kumfurahisha mnunuzi.

Kwa mitumba kuna sababu nyingine. Nguo imeshavaliwa na kufuliwa, na huenda ilirudi, ilivutika au ilipunguzwa na fundi. Lebo hubaki ile ile.

Vipimo vya kuwa navyo kwenye simu

Mnunuzi anashauriwa kujipima akiwa amevaa nguo nyepesi, tepu ikiwa imelala sawa bila kukaza, kisha kuhifadhi vipimo kwenye simu. Vipimo muhimu ni hivi:

- Kifua: tepu izunguke sehemu iliyojaa zaidi ya kifua, ikipita chini ya makwapa.
- Kiuno: sehemu nyembamba zaidi ya tumbo. Kwa suruali, pima pale mkanda unapokaa.
- Nyonga: sehemu pana zaidi ya makalio, miguu ikiwa pamoja.
- Bega: kutoka ncha ya bega moja hadi ya pili, kwa mgongoni.
- Urefu: gauni hupimwa kutoka begani hadi pindo linapotakiwa kufika, na suruali kutoka msambani hadi kifundo cha mguu.

Inchi moja ni sentimita 2.54. Mwenye tepu ya sentimita agawe kipimo chake kwa 2.54 kupata inchi, ambazo ndizo wauzaji na mafundi wengi hutumia.

Vipimo vya mwili pekee havitoshi, kwa kuwa nguo huhitaji nafasi ya kupumua na kukaa. Kwa kitambaa kisichovutika, kifua cha shati au blauzi kinafaa kuzidi kifua cha mvaaji kwa inchi 2 hadi 4, na nyonga za sketi au suruali kwa takriban inchi 2. Kitambaa kinachovutika kinaweza kulingana na mwili au kuwa pungufu kidogo.

Njia rahisi: pima nguo unayoipenda

Mafundi wengi humwomba mteja alete nguo inayomkaa vizuri, kisha hupima hiyo badala ya mwili. Mnunuzi wa mtandaoni anaweza kufanya vivyo hivyo. Tandaza nguo mezani, inyooshe bila kuivuta, kisha pima upana kutoka kwapa hadi kwapa, kiunoni na kwenye nyonga, pamoja na urefu wake.

Upana wa nguo iliyotandazwa ni nusu ya mzunguko. Sketi yenye upana wa inchi 22 kwenye nyonga ina mzunguko wa inchi 44, na itamfaa mwenye nyonga za inchi 42. Wengi hukosea hapa: muuzaji anataja 22, mnunuzi anadhani nguo ni ya mtoto. Kila mara uliza kama kipimo ni cha upana au cha mzunguko.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

- Nguo yenyewe ina inchi ngapi kifuani, kiunoni, kwenye nyonga na kwa urefu?
- Anaweza kutuma picha ya nguo hiyo hiyo ikiwa na tepu juu yake? Picha ya mwanamitindo haionyeshi nguo itakayoletwa.
- Kitambaa ni gani, na kinavutika? Pamba inaweza kurudi inapofuliwa mara ya kwanza.
- Kuna doa, tundu, zipu mbovu au mahali palipopunguzwa?
- Isipotosha, inabadilishwa au pesa hurudishwa? Ndani ya siku ngapi, na nani analipa usafiri?

Majibu yawe ya maandishi, si ya simu. Muuzaji aliye na nguo mkononi hahitaji muda mrefu kuipima. Anayejibu "itakutosha tu" bila kutaja inchi hajajibu swali.

Kwa sare na nguo za watoto, pima mtoto wiki ile ile ya kununua, kwa sababu umri ulioandikwa kwenye lebo haulingani na kila mtoto. Kagua pia kama pindo la suruali au sketi lina kitambaa cha ziada cha kushushwa anapokua.

Wakati wa kulipa

Inapowezekana, lipa baada ya kupokea na kukagua mzigo, au uchukue mwenyewe kwenye kibanda cha muuzaji na kujaribu nguo hapo. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linaloonekana kabla ya kukamilisha malipo na ulinganishe na la biashara. Hifadhi ujumbe wa malipo, picha na mazungumzo. Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri.

Huduma ya kurudisha pesa kupitia 456 ni ya aliyetuma kwa nambari isiyo sahihi. Si njia ya kusuluhisha mgogoro na muuzaji kuhusu nguo isiyotosha.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa pia mikataba ya mtandaoni. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Hapa ndipo inchi zilizoandikwa zina nguvu. Muuzaji aliyeandika kiuno ni inchi 34 kisha akaleta cha inchi 30 ameleta kitu tofauti na alichouza. Lakini mnunuzi aliyechagua "saizi 12" bila kuuliza, akaletewa nguo yenye lebo ya 12, ana hoja dhaifu. Atategemea masharti ya muuzaji ya kubadilisha.

Mzigo ukifika, upime siku hiyo hiyo kabla ya kukata lebo au kufua. Ukitofautiana na maelezo, mwandikie muuzaji mara moja na uambatanishe picha yenye tepu. Asipotatua, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayoshughulikia pia masuala ya watumiaji. Usimamizi wa biashara ya haki ni mojawapo ya majukumu ya kaunti chini ya Katiba, hivyo mkazi anaweza kuanza kwa kuuliza katika ofisi ya kaunti ndogo yake.

Dai la pesa linaweza pia kuwasilishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, kesi hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na mlalamishi si lazima awe na wakili.

Kabla ya kukata tamaa, muone fundi

Nguo iliyozidi kidogo kiunoni au kwa urefu hurekebishwa kwa urahisi. Iliyobana mabegani, au isiyo na kitambaa cha ziada kwenye mishono, mara nyingi haifai gharama. Kwa hiyo ukisitasita kati ya saizi mbili za kitambaa kisichovutika, chukua iliyo kubwa. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza.