Kupandikiza Figo: Tuhesabu Gharama Hadi Mwisho wa Safari



Kamati za sharika zetu hupokea maombi mengi ya msaada wa matibabu. Kati ya maombi yaliyo mazito ni yale ya mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Mara nyingi barua ya maombi hutaja kiasi kimoja tu cha fedha, yaani gharama ya upasuaji. Waumini huguswa, harambee hufanyika, na mgonjwa huagwa kwa maombi. Makala hii inaeleza kwa nini upasuaji ni sehemu moja tu ya gharama, na kwa nini kamati inayochangia upasuaji bila kufikiria dawa inaweza kupoteza vyote viwili, fedha na figo.

Njia mbili za matibabu

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, maisha yake yote. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Kwa miaka mingi Watanzania waliohitaji kupandikizwa figo walilazimika kwenda nje ya nchi, hasa India. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza hapa nchini, ikisaidiwa na madaktari kutoka India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ilianza, kwa ushirikiano na wataalamu wa Japani. Kwa mgonjwa wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, hili ni badiliko kubwa. Dodoma iko kwenye reli ileile ya kati inayopita Tabora. Hakuna tena haja ya pasi ya kusafiria, viza na tiketi ya ndege kwa watu wawili au watatu.

Hesabu yenyewe

Bei hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na hubadilika. Kwa hiyo tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme kusafisha damu mara moja ni shilingi 200,000. Mara 3 kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, yaani shilingi 31,200,000. Mwaka wa pili ni kiasi kilekile tena. Hapo hatujahesabu nauli wala chumba cha kupanga karibu na mashine.

Sasa tuseme upasuaji, pamoja na vipimo vya mgonjwa na vya ndugu anayetoa figo, ni shilingi 35,000,000, na baada ya hapo dawa na vipimo ni 500,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza jumla ni 41,000,000, kiasi kilicho juu kuliko mashine. Lakini ukijumlisha miaka miwili, upandikizaji unafika 47,000,000, na mashine 62,400,000. Kuanzia hapo tofauti inazidi kukua kila mwaka. Mgonjwa naye anaweza kurudi shambani au kazini, badala ya kutumia siku tatu za kila wiki hospitalini.

Hata hivyo, tuitazame ile 500,000 ya kila mwezi. Kwa miaka 10 inakuwa shilingi 60,000,000. Gharama ya dawa inapita gharama ya upasuaji wenyewe.

Kwa nini dawa hazina mwisho

Mwili huitambua figo iliyopandikizwa kuwa ni kitu kigeni na huishambulia kama unavyoshambulia vijidudu. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa duniani, uliofanyika Boston, Marekani, mwezi Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana, ambao miili yao haikataani. Kwa watu wengine wote huhitajika dawa za kushusha kinga ya mwili, kama takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Humezwa kila siku kwa saa maalumu, muda wote figo inapofanya kazi. Dozi huwa kubwa zaidi miezi ya mwanzo. Mgonjwa akiziacha, figo inaweza kukataliwa, naye akarudi kwenye mashine.

Kosa la kulipia upasuaji na kusahau dawa limefanywa hata na taifa tajiri. Tangu mwaka 1973 serikali ya Marekani imelipia wagonjwa wa figo wa umri wote. Lakini kwa aliye chini ya miaka 65 na asiye na ulemavu mwingine, malipo ya dawa yalikoma miezi 36 baada ya upandikizaji. Walioshindwa kujinunulia walipoteza figo, na serikali ileile ikaanza kuwalipia mashine, ambayo ni ghali zaidi. Sheria ya kurekebisha jambo hilo ilipitishwa mwaka 2020 na kuanza kutumika Januari 2023.

Dawa nyingine hubadilisha gharama

Dawa hizi hugongana na nyingine. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hupunguza sana nguvu ya takrolimasi, hivyo dozi hulazimika kuongezwa, na gharama pia. Zipo nyingine zinazopandisha kiwango chake katika damu, na madaktari wa India na kwingineko wamewahi kuzitumia makusudi ili mgonjwa anunue takrolimasi kidogo. Hilo hufanywa kwa kupima damu chini ya uangalizi wa daktari tu. Mgonjwa asijaribu nyumbani, wala asichanganye na dawa za mitishamba.

Ushauri kwa kamati

Familia nyingi za Tabora hupata fedha kwa msimu, tumbaku au asali inapouzwa. Dawa hizi hudai fedha kila mwezi, hata mwezi wa njaa. Kwa sababu hiyo tunashauri:

1. Kabla ya harambee, familia ilete makadirio ya hospitali yanayoonyesha dawa na vipimo vya kila mwezi.
2. Fedha za mwaka wa kwanza wa dawa zitengwe kabla ya upasuaji, na mpango wa miaka inayofuata uandikwe.
3. Kamati iulize bima ya mgonjwa inalipia nini baada ya upasuaji, si upasuaji peke yake.
4. Gharama za ndugu anayetoa figo zihesabiwe: nauli, siku za kupumzika na uchunguzi wa baadaye.
5. Fedha za kanisa zisitumike kamwe kununua figo. Figo hutolewa kwa upendo.
6. Sharika zihimize kupima shinikizo la damu na kisukari, magonjwa yanayoua figo taratibu. Kipimo hiki ndicho cha bei nafuu kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Wapagazi wa Unyanyembe waliokwenda pwani hawakuondoka kwa posho ya siku ya kwanza tu. Bwana wetu naye, katika Luka 14, anatufundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga mnara. Kwa wahisani wetu ombi ni hilohilo: mchango mdogo unaokuja kila mwezi kwa miaka mingi unaweza kuokoa maisha kuliko mchango mkubwa wa siku moja.