Makutano ya Barabara na Amana ya Roho za Watoto Wetu



Tangu ianze kupanuliwa barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Mtwapa hadi Kilifi, mazungumzo mengi barazani yamekuwa ya msongamano na ya fidia. Machache mno yanahusu mahali ambapo njia za mitaa yetu zinakutana na barabara hiyo. Nako ndiko mwana avukapo kwenda madrasa, na ndiko mama avukapo akirudi sokoni na kikapu mkononi.

Hatupingi barabara. Barabara pana ni neema: humfikisha mgonjwa hospitalini, na samaki sokoni kabla hajaharibika. Lakini neema isiyopangwa vyema hugeuka nakama.

Na tufanye hesabu ndogo. Njia nne za magari, kila moja na upana wa mita tatu na nusu, ni mita 14. Bibi atembeaye mita moja kwa sekunde atahitaji sekunde 14 kuvuka. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu mijini kwa sheria yetu, hukata takriban mita 14 kila sekunde. Basi kabla hajatia mguu barabarani, bibi huyo awe na hakika kwamba hakuna gari linalomjia ndani ya mita 190 hivi. Nani mwenye macho hayo baada ya Magharibi, pasipo na taa? Pakijengwa kisiwa cha kusimama katikati, hesabu hupungua nusu: huvuka upande mmoja, akapumua, akatazama upande wa pili.

Umbo la makutano nalo lina uzito wake. Njia panda ya barabara mbili ina nukta 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Mzunguko wa njia moja una 8 tu, na magari huuingia kwa mwendo wa pole. Lakini mzunguko wenye njia nyingi humlemea mwenda kwa miguu usipowekewa vivuko. Na daraja la juu lenye ngazi tupu halimfai mjamzito wala mlemavu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Ikiwa kuondoa jiwe au mwiba kuna fadhila hiyo, je, kuuzuia udhia ungali kwenye karatasi?

Wako wasemao kwamba wataalamu wamekwisha kuchora, sisi tuna neno gani? Mhandisi anajua magari, naye tumheshimu kwa elimu yake. Lakini mama ndiye ajuaye mwanawe hupita uchochoro gani saa kumi alasiri. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 35 kimetupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tena ripoti ya athari za mazingira ya mradi kama huu hutangazwa na NEMA ili watu watoe maoni kwa maandishi.

Basi tuulize maswali haya: Watoto watavukia wapi? Kutakuwa na kisiwa katikati, na taa za usiku? Kona zimebanwa ili gari lipindalo lipunguze mwendo? Kituo cha matatu na bodaboda kiko mbali na mdomo wa makutano? Daraja la juu lina mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu?

Mikutano mingi huitishwa saa ambazo akina mama wamo jikoni. Enyi dada zangu, msingoje kusemewa. Andikeni barua baada ya darsa, mtie saini kwa pamoja, muipeleke kwa chifu na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, na nakala mbaki nayo. Mstari wa kalamu hufutwa kwa siku moja. Zege likishakauka, ni vigumu kulibomoa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na awape wapangaji wetu hekima na usikivu. Amin.