Dawa ya saratani inafanya kazi? Kemia mpya yatafuta jibu la mapema

Kila mgonjwa wa saratani anayeanza tibakemikali, pamoja na ndugu wanaomuuguza, huwa na swali moja: je, dawa inafanya kazi? Mara nyingi jibu la daktari ni kwamba tusubiri. Dozi kadhaa ziishe, wiki au miezi ipite, ndipo mgonjwa arudi kupigwa picha kuona kama uvimbe umepungua.

Kusubiri huko kuna gharama. Kama dawa haimfai, mgonjwa ameteseka kwa kichefuchefu na uchovu, fedha zimetumika na ugonjwa umepata muda wa kusambaa. Kama inamfaa lakini uvimbe haujaanza kusinyaa, wapo wanaokata tamaa na kuacha tiba iliyokuwa inawasaidia.

Sababu ni kwamba picha za kawaida huonyesha zaidi ukubwa na umbo la uvimbe. Hazionyeshi vizuri kinachoendelea ndani ya seli. Wiki hii tuangalie jinsi wataalamu wa kemia wanavyojaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza nguvu ya kipimo cha MRI.

Kwa nini MRI husikia kidogo

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Ndani ya maji na mafuta ya mwili kuna atomu za haidrojeni, na kiini cha kila moja ni kama kisumaku kidogo. Ukilazwa ndani ya mashine, visumaku hivyo hujipanga, vingine vikifuata upande wa sumaku kubwa na vingine upande wa pili.

Tatizo ni kwamba pande hizo mbili karibu zinalingana, hivyo hufutana. Katika mashine yenye nguvu ya tesla 3, kati ya visumaku milioni moja, upande mmoja huzidi mwingine kwa takriban 10 tu. Ni kama watu milioni moja wanaovuta kamba: kinachoisogeza ni wale kumi waliozidi.

Kwa maji hilo si tatizo, kwa sababu yamejaa mwilini. Lakini kemikali zilizopo kwa kiasi kidogo hazisikiki. Moja ya hizo ni piruvati, inayotokana na kuvunjwavunjwa kwa sukari. Tangu miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kuwa seli za saratani hutengeneza laktati nyingi kutokana na sukari, hata pale oksijeni inapokuwapo. Laktati hiyo hutokana na piruvati. Dawa ikizipiga seli hizo, kazi hiyo inaweza kupungua kabla uvimbe wenyewe haujasinyaa. Tukiiona ikipungua, tumepata jibu mapema.

Jaribio hilo limefanyika kwa binadamu. Mwaka 2013, watafiti wa San Francisco, Marekani, walichapisha matokeo ya wanaume 31 wenye saratani ya tezi dume waliochomwa sindano ya piruvati iliyoongezewa nguvu. MRI ilionyesha piruvati ikigeuka laktati ndani ya uvimbe. Lakini njia waliyotumia huhitaji kugandisha dawa kwenye baridi kali mno, kwa mtambo wa bei ya mamilioni ya dola, na maandalizi huchukua muda mrefu.

Iridiamu kama dalali

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza njia nyepesi zaidi. Wao hutumia gesi ya haidrojeni. Kila molekuli ya gesi hiyo ina atomu mbili, na katika aina moja, inayoitwa parahaidrojeni, visumaku vya atomu hizo vimepangwa kwa utaratibu maalumu. Kwenye joto la kawaida, aina hiyo ni robo ya gesi yote. Ikipozwa hadi kukaribia nyuzi 250 chini ya sifuri, karibu gesi yote huwa ya aina hiyo.

Utaratibu huo uhamieje kwenye dawa? Hapo ndipo kinaingia kichocheo chenye madini ya iridiamu. Kazi yake inafanana na ya dalali. Huikamata haidrojeni kwa mkono mmoja na dawa kwa mkono mwingine. Wakiwa pamoja, mpangilio wa haidrojeni huhamia kwenye dawa. Kisha dalali huwaachia wote na kukamata wengine. Dawa yenyewe haibadiliki. Imepata tu sauti kubwa, wakati mwingine mara maelfu ya ile ya kawaida. Kazi yote huchukua sekunde au dakika chache.

Kilichobaki

Njia hii imekwishajaribiwa kwa panya, lakini bado haijawa huduma ya hospitali. Kwanza, iridiamu lazima iondolewe kabisa kabla ya dawa kuingia mwilini. Pili, kemikali zinazotumika kuyeyushia mara nyingi ni sumu, kama methanoli, nazo lazima ziondolewe. Tatu, nguvu iliyoongezwa hufifia haraka: kwa piruvati, nusu hupotea ndani ya dakika moja hivi. Usafishaji wote ufanyike mbio, kando ya mgonjwa, na mashine ya MRI iwe imewekewa vifaa vya kusikia kaboni, si haidrojeni pekee.

Ndugu msomaji, usiende hospitali kesho kukiomba kipimo hiki. Lakini kuna jambo la kuchukua leo. Uvimbe kutopungua katika picha ya kwanza si lazima iwe na maana kwamba dawa imeshindwa, kwa kuwa mabadiliko ndani ya seli yanaweza kutangulia yale yanayoonekana. Kabla ya kuacha tiba, muulize daktari wako kipimo kijacho ni lini na kitalinganishwa na kipi. Tunza picha zako za zamani na uende nazo kila unapopimwa. Uamuzi wa kubadili au kusimamisha dawa ufanywe pamoja na daktari anayekutibu.